Tuta Lisisubiri Jeneza



Wengi wetu tunakumbuka jioni ya tarehe 18 Machi 2024. Basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na trela pale Maungu, kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na wanafunzi 11 wakafariki. Nchi nzima ilishtuka. Runinga hazikuwa na habari nyingine, viongozi wakatoa rambirambi, kila mtu akawa na lake la kusema kuhusu mabasi ya vyuo. Ile ilikuwa haki ya marehemu na hakuna anayebisha.

Sasa chukua mtoto wa gredi ya pili. Anagongwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi akienda shule, peke yake, kando ya lami. Anabebwa kwa Probox mpaka hospitali. Kama ni wetu, kufikia laasiri ameshaswaliwa na kuzikwa. Hakuna kamera, hakuna waziri. Kesho yake magari yanapita pale pale kwa mwendo ule ule, na mdogo wake anapita pale pale akienda shule ile ile. Watembea kwa miguu wanakufa mmoja mmoja, ndiyo maana vifo vyao havitikisi mtu. Watu 11 wakifa kwa dakika moja ni msiba wa taifa. Watu 11 wakifa siku 11 tofauti, mahali 11 tofauti, hayo yanaitwa mambo ya familia.

Wacha tuangalie hesabu kwanza, maana bila hesabu tutaambiwa tunalialia tu.

Mwaka 2016 takwimu za serikali zilisema watu 2,965 walikufa barabarani Kenya. Mwaka 2023 NTSA wakahesabu 4,324. Mwaka 2024 wakahesabu 4,748. Ukilinganisha 2016 na 2024, vifo vimeongezeka kwa asilimia 60 ndani ya miaka minane. Na katika orodha hiyo kundi linaloongoza si madereva, si abiria wa matatu, si watu wa bodaboda. Ni watembea kwa miguu, zaidi ya thuluthi moja ya wote. Yaani mtu ambaye hana gari, hana leseni, hajavunja sheria ya mwendo hata siku moja, ndiye anayekufa zaidi.

Na hizo ni zile zilizoandikwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipokadiria vifo vya Kenya vya mwaka huo huo wa 2016, halikupata 2,965. Lilipata 13,463. Tofauti hiyo si ndogo. Sababu moja ni kwamba hesabu ya serikali inatokana na polisi, na polisi wanaandika kile wanachokikuta barabarani. Mtu akifa wodini baada ya wiki mbili, au akipelekwa nyumbani na kufia huko, au ajali ikimalizwa kienyeji kwa dereva kutoa pesa ya hospitali na sanda, ni rahisi sana asionekane kwenye karatasi yoyote. Fikiria mtoto wa kijijini aliyegongwa na pikipiki njia ya Bura. Nani aliandika? Kila mtu kijijini anajua, ofisini hakuna anayejua.

Dunia nzima, kwa mujibu wa WHO, watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Kwa watu wa kuanzia miaka 5 mpaka 29, barabara ndiyo inayoua kuliko kitu kingine chochote. Soma tena hiyo miaka. Miaka 5 mpaka 29 ni sisi. Ni wewe unayesoma hii kwenye simu na ni mdogo wako aliyeko madrasa saa hii. Afrika tuna kama asilimia 3 tu ya magari ya dunia lakini tunabeba asilimia 19 ya vifo. Hatuna magari, tuna makaburi.

Tuje nyumbani sasa.

Barabara yetu, A23, inatoka Voi, inapita Mwatate, Bura, Maktau, mpaka Taveta na mpaka wa Holili. Wakubwa wanakumbuka kipande cha Mwatate kwenda Taveta kilivyokuwa. Vumbi, makorongo, mvua ikinyesha basi linalala njiani. Ilipokuja lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwenye mradi wa kuunganisha Arusha, Holili, Taveta na Voi, tulifurahi, na tulikuwa na haki kufurahi. Ndizi za Taveta zinafika sokoni hazijapondeka. Mama mjamzito anafika Voi akiwa hai. Simo miongoni mwa wanaosema lami ni mbaya.

Lakini hakuna aliyetuambia jambo moja. Yale mashimo ndiyo yalikuwa matuta yetu. Lori lilikuwa linatambaa kwa sababu halina njia nyingine, na mtoto alikuwa anavuka huku anacheza. Mashimo yakaenda, mwendo ukaja, vijiji vikabaki pale pale. Shule iko upande huu na nyumba ziko upande ule. Bomba la maji liko upande huu, msikiti na duka viko upande ule. Barabara ilijengwa kuunganisha Voi na Arusha, ikatenganisha mtoto na shule yake, na aliyeachiwa kazi ya kuunganisha tena ni mtoto mwenyewe kwa miguu yake.

Simama njia panda ya kwenda Wundanyi asubuhi moja tu, au chagua shule yoyote iliyo kando ya lami, uangalie bila haraka. Watoto wanakuja kwa vikundi. Wanasimama kwenye ukingo, wanaangalia, wanarudi nyuma, mmoja anakimbia, wengine wanamfuata bila kuangalia kwa sababu mwenzao amekimbia. Yule mdogo wa chekechea, anayeshikwa mkono na dada wa miaka tisa, anaburutwa. Hakuna askari, mwalimu yuko ndani ya lango. Anayeongoza magari pale ni huyo dada wa miaka tisa.

Halafu watu wanasema, "Watoto wa siku hizi hawana adabu barabarani." Au, "Wazazi wamezembea." Nimesikia haya hata kwa watu wazima ninaowaheshimu, hata baada ya swala, na ndipo nilipoamua kuandika.

Twende polepole. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona mtoto, kabla mguu haujafika kwenye breki imepita kama sekunde moja na nusu, na hapo gari limeshakula mita 21. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzima, zinahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla mita 35. Mtoto aliyetokea mbele kwa mita 40 anapona. Atapigiwa honi, atatukanwa, atafika nyumbani.

Dereva huyo huyo akiwa kwenye kilomita 80, zile sekunde moja na nusu za kushtuka zinakula mita 33. Zinabaki mita 7 tu za breki kabla ya kumfikia mtoto. Anamfikia akiwa bado kwenye kilomita 70 hivi kwa saa. Mtoto ni yule yule, dereva ni yule yule, breki ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo. Na hapa nimezungumzia gari dogo. Sijataja trela lenye shehena, wala tairi lililokwisha, wala dereva aliyetoka mpakani bila kulala. WHO wanasema mtembea kwa miguu akigongwa kwa kilomita 65, hatari ya kufa ni mara 4.5 kuliko akigongwa kwa kilomita 50. Kilomita 15 tu hizo.

Mtoto naye ana maumbile yake. Ni mfupi, akisimama nyuma ya gari lililoegeshwa dereva hamwoni na yeye haoni. Mtoto mdogo hawezi kupima vizuri lori lile liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Hiyo si adabu mbaya, ni ubongo ambao bado haujakomaa. Utamfundisha kuangalia kulia na kushoto, na umfundishe kweli, lakini huwezi kumfundisha kuwa na miaka 15 wakati ana miaka 6. Kinachowezekana ni kubadilisha barabara na mwendo.

Na kuna wale wa kadari. "Siku yake ilikuwa imefika." Sibishani na kadari, naiamini. Lakini sote tulifundishwa madrasa habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume, swalallahu alayhi wasallam, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa afunge kwanza. Sisi ngamia wetu hatujamfunga. Tumemwachia barabarani, akipotea tunasema imeandikwa. Dereva aliyepita mbele ya shule kwa kilomita 100 hajaandikiwa kupita hivyo, amechagua. Ofisi iliyojenga barabara bila kivuko nayo ilichagua.

Tena sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema ndani ya mji au senta ya biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Na tangu 2017 imeongezwa kwamba mamlaka ya barabara iweke alama za kilomita 50 kwenye barabara inayopita karibu na shule ya chekechea, msingi au sekondari, au inayotumiwa na watoto kufika shuleni, kwa zile saa ambazo wanakwenda na kurudi. Hapana neno "ikiwezekana" hapo. Sasa toka nje leo, tembea kutoka mwanzo wa mji mpaka mwisho, uhesabu vibao vilivyosimama wima na vinavyosomeka. Uhesabu na vivuko vya pundamilia ambavyo rangi yake bado inaonekana. Ukimaliza, jiulize mara ya mwisho uliona lini polisi amesimamisha gari kwa sababu ya mwendo mbele ya shule, si kwa sababu zile zingine tunazozijua.

Watu hunijibu, "Madereva wa Kenya hawafundishiki." Uongo. Dereva huyo huyo wa trela, Mkenya huyo huyo anayepita Mwatate kama anafukuzwa, akishavuka Holili kuingia Tanzania anashusha mguu. Ukisafiri kwenda Moshi au Arusha utaona mwenyewe. Kila kijiji kina kibao cha 50, na dereva anajua mbele kuna askari na tochi ya kupimia mwendo, na faini hailipwi kwa kucheka. Madereva wetu wanalalamika sana kuhusu tochi za Tanzania. Mimi nikisikia malalamiko yale nafurahi, kwa sababu mtoto wa kijiji kile anavuka. Leseni haikubadilika pale mpakani, wala moyo wa dereva. Kilichobadilika ni kwamba upande ule anajua atashikwa.

Huko huko Tanzania, Dar es Salaam, shirika linaloitwa Amend lilianza kazi iliyo rahisi mpaka unashangaa kwa nini sisi hatujafanya. Wanakwenda shule ambazo watoto wake wanaumia zaidi, wanatembea na watoto njia wanazopita, wanaangalia wanavukia wapi hasa, si pale injinia alipodhani watavukia. Kisha wanaweka vitu vidogo: tuta, kivuko, njia ya miguu pembeni, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande, vibao, lango la shule kuhamishwa litazame upande salama. Walipofanyiwa utafiti, majeraha ya barabarani kwenye shule zile yalipungua kwa kama asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo kubwa ya miji duniani ya taasisi ya WRI ya Marekani, dola 250,000. Rangi, saruji na vibao ndivyo vilivyoshinda. Hakuna daraja la mabilioni pale.

Ukitaka kucheka kwa uchungu, angalia reli ya SGR ilivyopita Tsavo karibu na Voi. Wataalamu walikaa, wakajua tembo wanavukia wapi, wakajenga njia za chini wapite salama. Nawapenda tembo, ingawa wa Taita wakisoma hivi watanikumbusha mashamba yao. Ninachosema ni kwamba kumbe inawezekana kabisa kuuliza "nani anavuka hapa?" kabla ya kujenga.

Kwa nini basi hakifanyiki kitu? Hapa ndipo vijana wengi tunapotea, tunamfokea mtu asiye na jibu.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, na A23 iko chini ya KeNHA. Barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho ni za kaunti. Elimu ya chekechea pia ni ya kaunti. Sasa tazama kichekesho chake. Mtoto wa miaka minne ni wa kaunti mpaka anapofika kwenye ukingo wa lami. Akikanyaga lami amekuwa wa serikali kuu. Akifika upande wa pili ni wa kaunti tena. Akigongwa katikati, kaunti watasema barabara si yao na KeNHA watasema taa na maegesho si yao. Mimi nimeshazungushwa hivyo, ofisi moja ikinituma nyingine na nyingine ikinirudisha, kila moja kwa upole na kwa kifungu chake cha sheria. Nikajifunza kwamba barua moja inayotumwa pande zote mbili siku moja, kila mmoja akiona jina la mwenzake juu yake, inafanya kazi kuliko safari kumi.

Na tusiambiwe hakuna pesa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara, kutoka 18. Kijana wa bodaboda anayenunua lita mbili asubuhi ameshatoa shilingi 50 kabla hajapata abiria. Mama anayepanda matatu kwenda Voi ameshalipa ndani ya nauli. Wabunge na magavana wamegombania pesa hizo mpaka mahakamani. Katika ugomvi ule wote ulisikia nani akisema kiasi gani kiende kwenye njia ya kutembea kwa miguu?

Matokeo yake tunajua mtindo wa Kenya. Mtoto anakufa. Watu wanatoka kwa hasira, wanafunga barabara, tairi zinachomwa. Polisi wanakuja, gesi inarushwa, vijana wawili watatu wanabebwa kwa Land Cruiser na kushtakiwa. Baada ya wiki tuta linakuja. Halafu senta ya pili, kilomita tano mbele, inasubiri zamu yake, yaani mtoto wake, hasira yake na vijana wake wa kukamatwa. Kila tuta lina jina la mtu chini yake. Kuandamana kwa amani ni haki yetu kwa Kifungu cha 37 na sitamlaumu mzazi aliyekaa barabarani na kiatu cha mwanawe mkononi. Lakini mimi nataka tuta lije kabla ya jeneza, na kabla kijana hajalala selo kwa ajili yake.

Tukumbuke pia Londiani, kule Kericho. Tarehe 30 Juni 2023 trela lilipoteza mwelekeo kwenye njia panda, likaingia kwenye wafanyabiashara, watembea kwa miguu na matatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Serikali ikasema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Njia panda yenye malori, vibanda, stendi ya bodaboda na watu wanaosubiri matatu, mnaifahamu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani? Kumhamisha mama wa nyanya ni rahisi, hana wakili. Lakini anauza pale kwa sababu matatu zinasimama pale. Ukimtoa bila kumpa mahali penye wateja atarudi baada ya siku tatu, na lori bado linakuja kwa mwendo ule ule.

Njia ninayoiona mimi ni hii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Wengi hawajui kwamba ikiwa habari yenyewe inagusa uhai wa mtu, muda ni saa 48. Watoto kuvuka A23 ni uhai wa mtu, kama si hivyo sijui uhai ni nini. Tunaomba ripoti ya ukaguzi wa usalama wa barabara kati ya Voi na Taveta. Tunaomba orodha ya ajali za watembea kwa miguu, kituo kwa kituo cha polisi, na umri wao. Tunaomba mpango wa vibao na vivuko kwa kila shule iliyo kando ya lami. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, na kazi yake ni hiyo.

Upande wa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi. Na kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukija Juni na mabango umekuja kuangalia chakula kikiliwa. Vile vikao vya maoni ya umma ambavyo tunavidharau, ambavyo vinajaa wazee na watu waliofuata soda, ndiko taa za barabarani zinakoandikwa au zinakosahauliwa.

Na kuna ya kwetu wenyewe ambayo hayahitaji barua. Ijumaa, magari yakiegeshwa pande zote mbili mbele ya msikiti, watoto wanatokea katikati ya bampa mbili na dereva hawaoni. Walinzi wawili wa kujitolea wenye fulana za kung'aa wanatosha. Madrasa zinazotoa watoto magharibi ikiingia, giza likiwa limeshashika na wasichana wamevaa buibui nyeusi, zitazame saa zake upya au ziwatoe kwa kundi na mtu mzima mbele na nyuma. Shule nazo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yanaanza saa mbili asubuhi. Mtoto anatembea gizani saa kumi na moja na nusu kwenda wapi? Huku kwetu jua halijatoka saa hiyo mwezi wowote wa mwaka. Na ndugu zangu wa bodaboda, nawapenda na mnanijua, watoto watatu juu ya tangi na nyuma bila helmeti si msaada kwa mzazi hata kama yeye ndiye aliyeomba.

Barua ya kwanza, ya saa 48, inakwenda KeNHA na kaunti kwa pamoja Jumatatu ijayo. Inahitaji majina ya mahali, si hasira tupu. Kama unajua shule, chekechea au madrasa iliyo kando ya A23, kuanzia Voi mpaka Taveta, au njia ya kupanda Wundanyi, tutumie mambo manne: jina lake, watoto wanavukia wapi hasa, saa ngapi, na picha ya mahali pale ikionyesha kama kuna kibao, kivuko au tuta. Usipige picha nyuso za watoto. Kama kuna mtoto aliyegongwa pale na familia iko radhi, andika mwaka na mwezi tu, jina libaki kwao. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi baada ya swala ya isha, na wenye muda wa kusaidia kupanga orodha tukutane Jumapili saa nne asubuhi Mwatate.